Jamna haingoji: kuchuma, kuandaa na kula zambarau

Msimu wa zambarau ukiingia Kisumu, huna haja ya kuuliza mti uko wapi. Tazama chini. Lami imejaa madoa ya rangi ya wino, viatu vinanata, na watoto wa shule wanarudi nyumbani wakitoleana ndimi kuona wa nani umekolea zaidi. Juu matawini kuzumburu wanagombana. Chini, bodaboda zinapita juu ya matunda ambayo yangejaza chupa kumi za jemu.

Hapo ndipo huwa naumia. Tunda hili tunalipata bure au kwa shilingi chache, halafu tunalila vibaya. Tunalichuma kabla halijaiva, linatukaza ulimi, tunasema jamna ni chungu, tunakwenda dukani kununua juisi ya pakiti. Au tunalichuma likiwa tayari, tunaliacha kwenye ndoo hadi kesho kutwa, na kesho kutwa ni pombe na nzi. Nimekulia chini ya mti mmoja mkubwa pale Manyatta, na kila msimu jikoni kwangu mwiko, vitambaa na kucha zangu hugeuka rangi. Ninayoyaeleza hapa ni yale ninayoyafanya mwenyewe, kuanzia siku mti unapotoa maua.

Tunda lenyewe

Watu wa pwani huita mti mzambarau na tunda zambarau, na rangi ya zambarau imepata jina lake humo. Huku kwetu Nyanza utasikia zaidi jamna, neno tulilolichukua kwa Wahindi, ambao kwao tunda hili ni jamun. Asili yake ni Asia ya Kusini. Reli ilifika hapa ziwani mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na pamoja na reli wakaja wenye maduka wa Kihindi. Tunda lao tumelila na jina lao tumelichukua, tukalitamka tulivyoweza.

Kamusi kadhaa za Kiingereza hutafsiri zambarau kuwa damson. Lisikupoteze. Damson ni plamu ndogo ya nchi za baridi, maarufu kwa jemu huko Uingereza, na ukoo wake ni mmoja na waridi, tufaha na zile plamu zinazoshuka kutoka Molo. Zambarau ni ya ukoo wa mpera na mkaratusi, na mkarafuu ni ndugu yake wa karibu. Ponda jani la mzambarau ukalinuse, utaamini. Matunda hayo mawili yanafanana kwa weusi, kwa ukali na kwa kupendwa na wapika jemu, lakini kwenye kuganda yanaachana, na nitalisema tukifika kwenye sufuria.

Kujua siku ya kuchuma

Usihesabu kwa kalenda, hesabu kwa nyuki. Maua ya mzambarau ni meupe, madogo, yenye nyuzi nyingi, na yakifunguka mti mzima unavuma tangu asubuhi. Siku nikisikia mvumo huo naandika tarehe kwa penseli nyuma ya mlango wa jikoni. Nyuzi za maua zitamwagika chini kama pumba, vitunda vya kijani vitajitokeza, na baada ya kama miezi miwili naanza kuchungulia juu.

Tunda hupita rangi nne: kijani, waridi, nyekundu, kisha nyeusi inayong'aa. Wengi hukosea penye nyekundu. Ina sura nzuri, mtoto haivumilii, lakini ndani ni ukakasi mtupu. Na zambarau si ndizi wala avokado. Ukiichuma kabla ya wakati haitaivia ndani ya nyumba. Ifukie kwenye mahindi, ifunike blanketi, itanywea tu na ukali wake. Ilivyotoka mtini ndivyo itakavyobaki.

Mimi hupima hivi. Natazama pale tunda linaposhikana na kikonyo. Kama pana wekundu, naliacha. Kama ni jeusi kote, nalibonyeza kwa kidole gumba, na linapaswa kubonyea kama ncha ya sikio. Kisha nalisukuma kwa upande bila kulivuta. Lililoiva huachia lenyewe. Lisipoachia, kesho.

Kishada kimoja huiva kwa zamu, kwa hiyo mti mmoja utauendea mara nne au tano kabla haujaisha. Anayekata vishada vizima kwa panga siku ya kwanza amejipatia matunda machache mazuri na lundo la kutupa.

Halafu onja kabla hujajaza ndoo, maana miti haifanani. Kuna ile ambayo nyama ya tunda ni ya zambarau hadi kwenye kokwa, na kuna ile ambayo ngozi ni nyeusi lakini nyama ni nyeupe au waridi hafifu. Jua una upi. Jikoni itakufaa.

Mti huu usipande

Nasema kupanda kwa miguu. Kwa jembe, panda tu.

Matawi ya mzambarau yanadanganya. Ni manene, yana majani mengi, mtu mzima anaona yatambeba. Lakini huvunjika bila kulalamika kwanza. Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, juu kabisa, mimi chini nimeshika kapu. Sikusikia tawi likianza kupasuka. Nilisikia mlio mmoja tu, kama mtu amevunja muwa, naye akashuka pamoja na tawi lake. Mkono ulikuwa umepinda pasipo na kiungo. Nyanya alimbeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari, na njia nzima yule bwana alikuwa ameshika kishada kwa mkono mzima, anakula. Plasta alikaa nayo muhula mzima. Ule mkono haunyooki vizuri mpaka leo.

Kwa hiyo tunachuma kutoka chini. Kuna njia mbili na mimi hutumia zote.

Ya kwanza ni turubai. Tandaza turubai safi au shuka mbili tatu kuukuu chini ya tawi zito, kisha watu wawili watikise tawi hilo kwa mti mrefu wenye ndoano mwishoni, ule ambao pwani huuita ngoe. Tikisa kidogo kidogo. Zilizoiva zitaanguka zenyewe kama mvua ya mawe, mbichi zitabaki juu. Ukitikisa kwa hasira zitaanguka zote na umejirudisha kwa yule wa panga.

Ya pili ni ya matunda unayotaka yafike mezani bila kupasuka. Chukua mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, ukate pembeni karibu na mdomo upate uwazi unaopitisha kishada, ufunge kwenye mwanzi mrefu. Inua mtungi hadi kishada kiingie, zungusha, sukuma. Mbivu zinaangukia ndani. Ni kazi ya pole, lakini kwa saa moja utapata kilo mbili safi kabisa.

Mambo matatu ya kuangalia hapo. Miti mingi ya mjini imekua hadi kwenye nyaya za umeme. Penye waya usipeleke mti wowote, uwe wa chuma, wa mbao au wa mwanzi, acha sehemu hiyo iliwe na ndege. La pili, usitandaze neti ya mbu. Najua kila nyumba ina neti kuukuu na watu huanikia omena juu yake, lakini neti tunazogawiwa zimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haina kazi kwenye chakula. La tatu, chuma asubuhi, umande ukishakauka. Mchana upepo wa ziwani unapanda, na jioni mara nyingi kuna mvua ya radi. Zambarau iliyolowa maji ya mvua hupasuka ngozi na haifiki usiku.

Kama mti si wako, omba. Wenye miti hii hawakatai, wengi wanatafuta mtu wa kuwapunguzia uchafu wa uani. Peleka kikombe kimoja cha ulichopika baadaye.

Bebea kwenye beseni pana au kapu, zisizidi kimo cha kiganja. Zamani tulizitia kwenye juala, zinatoa jasho njiani, tukifika nyumbani ni uji. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku mwaka 2017 angalau jamna zimepumua. Na tafadhali, si ndoo iliyobeba omena. Nimeshaonja jemu ya ndoo hiyo.

Jioni ile ile

Usiseme nitazishughulikia kesho. Kwenye joto la Kisumu zambarau mbivu inakaa siku moja, mbili ukibahatika. Kwenye friji, zikiwa kavu na hazijaoshwa, inaweza kufika wiki.

Mwaga kwenye sinia na uchambue ukiwa umekaa, maana utakaa sana. Zilizopasuka kidogo weka kando, hizo ni za kupika leo. Zenye tundu dogo jeusi pasua kama kumi uone kama nzi wa matunda ametaga funza. Ukiona funza katika tatu kati ya kumi, pasua zote. Zilizotafunwa tupa bila huruma. Usiku popo hula mti huu huu, na tunda lenye alama ya meno ya popo halirudishwi sokoni wala kwenye sinia, hata kama limeumwa upande mmoja tu. Za kuokota chini nachukua za kwenye turubai peke yake. Zilizolala kwenye vumbi la barabara au karibu na mtaro ni za kuku.

Osha kwa maji mengi, mara mbili. Kisha ziloweke dakika ishirini kwenye maji ya chumvi, kijiko kikubwa kimoja kwa lita moja. Kama kuna mdudu aliyejificha, mara nyingi atatoka, na ukali nao unaanza kupungua. Zinazoelea zitazame tena.

Kuuondoa ukakasi

Hapa ndipo mtu anaamua kama atalipenda tunda hili maisha yake yote au hataligusa tena.

Ule mkazo unaousikia kinywani hausababishwi na uchachu. Uchachu ni wa ndimu, unakutoa mate. Ukakasi unafanya kinyume, unakukausha. Ndani ya zambarau kuna tanini, kama ile ya chai iliyokaa sana kwenye majani, nayo inashikana na protini za mate yako hadi ulimi unahisi umevikwa kitambaa. Ndiyo maana kuongeza sukari peke yake hakusaidii. Utapata kitu kitamu kinachokaza.

Dawa yake ni chumvi, kupondapondwa kidogo, na muda. Kwa kikombe kimoja cha zambarau zilizooshwa, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi na ukipenda sukari kidogo. Weka kwenye mkebe wenye kifuniko au bakuli mbili zilizofunikana, shika kwa mikono yote miwili, utikise. Usiuzungushe kistaarabu. Utikise kama kayamba, hesabu hadi sitini. Ukifungua utaona ngozi zimechubuka, zimepoteza mng'ao, na chini kumeanza kujikusanya maji ya zambarau. Hayo maji usimwage. Funika, acha saa nzima, kisha onja. Mkazo ule umelegea, chumvi imetoa utamu uliokuwa umejificha nyuma yake.

Tulipokuwa watoto hatukuwa na saa nzima. Tulitikisa tukaimba tukala. Nyanya alikuwa akitutazama kutoka mlangoni, anasema, "Wajukuu wangu, mnakula mbio kama mnafukuzwa." Alikuwa akila zake usiku, baada ya kila mtu kulala, kutoka bakuli aliyoitia chumvi jioni. Miaka mingi nilidhani ananyima. Kumbe alikuwa anajua kula.

Ukishazoea, nyunyizia pilipili ya unga juu, kama wanavyofanya kwa embe mbichi pale stendi. Weka zambarau mdomoni nzima, sukuma kokwa upande mmoja kwa ulimi, nyonya nyama, tema kokwa. Mtoto mdogo mtolee kokwa kabisa kabla hujampa. Ni kubwa, ni laini, inateleza, na koo la mtoto ni jembamba.

Ukinunua badala ya kuchuma, onja kabla hujalipa. Muuzaji mwenyewe atakwambia, "Onja, kastama." Anayekataa uonje ameuza nyekundu chini ya nyeusi.

Juisi

Kilo moja ya zambarau, kikombe kimoja cha maji, moto mdogo. Tumia sufuria ya stili kama unayo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi ya tunda hili inaila alumini na rangi inageuka ya samawati iliyofifia, haipendezi. Kama una ya alumini tu, fanya haraka na usiache juisi ilale humo.

Usichemshe hadi itokote. Pasha moto hadi ngozi zianze kupasuka na maji yawe na rangi iliyokolea, kama dakika kumi. Ponda kwa mwiko wa mbao ukizungusha taratibu. Kokwa lazima zitoke nzima. Kwa sababu hiyo blenda usiitie hapa kamwe: ikizikata kokwa, juisi yote inakuwa chungu, na hakuna sukari itakayoirudisha. Niliwahi kumwaga lita tatu.

Chuja kwa chujio la chai kwanza, kisha kwa kitambaa. Utapata kama nusu lita ya juisi nzito. Tia sukari ikiwa bado ya moto, anza na vijiko vinne, na maji ya nusu ndimu. Tazama ndimu inapoingia: zambarau iliyokuwa na giza inaruka na kuwa nyekundu ya divai mbele ya macho yako. Wakati wa kunywa, sehemu moja ya juisi kwa mbili za maji baridi. Kwenye friji inakaa siku tatu nne. Ukitaka ikae zaidi, igandishe kwenye vyombo vidogo.

Jemu, na ile habari ya kuganda

Ukipata maelezo ya jemu ya damson ukayafuata kwa zambarau, huenda ukapata sharubati. Damson ina pektini tele, ile inayofanya jemu ishike, hata maganda yake peke yake yanatosha. Zambarau ya nyama nyeupe nayo hushika vizuri. Ile ya nyama ya zambarau, ambayo ndiyo yenye rangi nzuri, ina upungufu. Ndiyo sababu nilikwambia ujue mti wako.

Dawa ya upungufu huo iko uani kwa kila mtu kutoka Maseno hadi Kakamega: mapera mabichi. Pera gumu la kijani, ambalo mtoto akilila tumbo linamfunga, limejaa pektini. Kwa kilo mbili za zambarau nachukua nusu kilo ya mapera mabichi, nayakata vipande vinne vinne bila kumenya.

Tia vyote sufuriani, maji yafikie tu usawa wa matunda, kama lita moja. Chemsha nusu saa, ukiponda mara kwa mara, hadi mapera yalainike kabisa. Mimina kwenye kitambaa safi cha pamba ulichokichemsha, funga kama mzigo, kining'inize juu ya beseni usiku kucha. Mimi hukifunga kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa. Usikikamue. Ukikikamua jemu inakosa uangavu, na utajua ni wewe.

Asubuhi pima juisi kwa kikombe. Kila kikombe kimoja, robo tatu kikombe cha sukari. Ongeza maji ya limau mbili. Weka kwenye sufuria pana, moto mkali sasa, na usiondoke, maana itaumuka ghafla kama maziwa. Engua povu. Povu hilo ni tamu, ndilo mshahara wa mpishi, lipake kwenye mkate ukiwa umesimama hapo hapo.

Kujua imefika: weka kisahani kwenye friza mapema. Dondosha tone juu yake, subiri dakika moja, lisukume kwa kidole. Likikunja uso kama ngozi ya maziwa, zima moto mara moja. Likikimbia, endelea dakika mbili, pima tena. Kosa la watu wengi ni kungoja iwe nzito ndani ya sufuria. Ikiwa nzito ikiwa moto, ikipoa itakuwa gundi.

Chupa ziwe zimechemka dakika kumi na bado za moto. Jaza, funga, acha zipoe bila kuguswa. Zikae mahali pa giza. Ukishafungua, weka kwenye friji na utumie kijiko kikavu.

Chatini ya samaki

Hii nimejifunza nikichanganya mabaki, na sasa naipenda kuliko jemu. Vikombe viwili vya nyama ya zambarau iliyopondwa na kutolewa kokwa, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbili, nusu kijiko cha jira iliyokaangwa kavu, chumvi, na kipande cha sukari nguru kama yai dogo. Sukari nguru ya Kakamega ina moshi fulani ndani yake ambao sukari nyeupe haina. Chemsha taratibu hadi iwe nzito, dakika ishirini hivi. Wape watu na mbuta wa kukaanga na ugali wa moto. Mafuta ya samaki yanakutana na ule mkazo mdogo uliobaki, na hapo ukakasi tulioupiga vita tangu mwanzo unageuka kuwa ndio unaoifanya chatini iwe na maana.

Kokwa na ugonjwa wa sukari

Utaambiwa, pengine na muuzaji mwenyewe, kwamba unga wa kokwa za jamna unatibu kisukari. Huko India zimetumika hivyo kwa karne nyingi, na wataalamu wamezichunguza sana. Lakini hazijathibitishwa kuwa badala ya dawa. Ukiwa unameza vidonge au unachoma insulini, usiache kwa sababu ya kokwa, na usivichanganye bila kumwambia daktari, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Tunda lenyewe kula, kwa kipimo. Jemu, unajua mwenyewe kilichomo.

Madoa

Vaa nguo nyeusi. Kama umechelewa, suuza doa kwa maji baridi mara moja, kabla halijakauka, na usikimbilie sabuni ya mche. Rangi ya zambarau hubadilika kwa asidi na magadi: sabuni inaigeuza buluu na mtu anadhani ameharibu zaidi. Tia ndimu na chumvi, sugua, irudi kuwa nyekundu, suuza, rudia hadi ififie, ndipo ufue kawaida. Kwa mikono, kamulia limau lililobaki kwenye jemu. Kucha zitakaa na rangi wiki nzima, zoea.

Kupanda, kwa jembe sasa

Kokwa za zambarau nazo hazikai. Mbegu ya maharagwe unaiweka hadi mvua ijayo, kokwa hii ikikauka imekufa, na wiki mbili tu zinatosha kuikausha. Kwa hiyo zile nzuri kutoka mti uliokupendeza, zioshe nyama yote, uzitie udongoni siku hiyo hiyo, kina cha sentimita mbili au tatu, kwenye makopo au pakiti za maziwa zilizotobolewa chini. Mwagilia, weka kivulini.

Chagua mahali mapema: mbali na ukuta, mbali na waya, mbali na pale unapoanika nguo, na mbali kabisa na pale jirani anapoegesha gari. Mti wa mbegu utakuweka miaka minane au kumi kabla ya kuzaa.

Msimu uliopita nilitia kokwa tatu kwenye pakiti tatu. Moja ilioza. Moja ikatoa mche. Ya tatu ikatoa miche miwili kutoka kokwa moja, jambo la kawaida kwa zambarau, nikaitenganisha kwa kijiko. Mmoja nimempa kaka yangu.